UZI: Ukishindwa mpaka Mahakama ya Rufani, malalamiko yanafikaje Geneva? Kesi ya wajane wawili wa Shinyanga

NgoshaWaMirathi

Wakuu, heshima kwenu. Humu jukwaani haipiti wiki bila mtu aliyeshindwa kesi kuandika kwamba sasa anakwenda Umoja wa Mataifa. Wengine ni hasira tu, lakini wapo wanaomaanisha, na wakiuliza waanzie wapi wanajibiwa ovyo. Mimi ni msaidizi wa kisheria, kazi yangu ya kila siku ni mirathi na ardhi za wajane huku Kanda ya Ziwa. Naomba niieleze njia hiyo kwa kesi ambayo ni yetu wenyewe.

Wajane wawili, mafundi cherehani, wa mkoa wa Shinyanga. Hati za Umoja wa Mataifa zinawataja kwa herufi tu, E.S. na S.C., nami nitaishia hapo hapo. Waume zao walifariki wao wakiwa bado vijana wenye watoto wadogo. Ndugu wa mume wakachukua mali, wajane wakatolewa kwenye nyumba na watoto wao.

Kinachouma ni kwamba wale ndugu walikuwa na karatasi ya kusimamia. Ni Tangazo la Sheria za Mila, Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Kwa maneno yangu mwenyewe, kanuni ya 27 inasema mjane hana fungu kwenye mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Sasa mama wa watoto wa chekechea atatunzwa na nani? Na mabinti wamewekwa daraja la tatu, nyuma ya mtoto wa kwanza wa kiume na nyuma ya wavulana wengine wote.

Mwaka 2005 walifungua shauri Mahakama Kuu wakiomba kanuni hizo zitamkwe kuwa ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba ni za kibaguzi, ila ikakataa kuzifuta kwa hoja kwamba mila hazibadilishwi kwa amri ya mahakama. Wakakata rufaa. Rufaa ikakaa mpaka 2010, kisha Mahakama ya Rufani ikaitupa bila kugusa hoja ya msingi, kwa sababu amri ya Mahakama Kuu ilikuwa na tarehe isiyo sahihi. Tarehe, wakuu. Wala haikuandikwa na wale wajane, iliandikwa na mahakama.

Hapo ndipo ilipoingia Geneva, Uswisi, ziliko kamati za haki za binadamu za Umoja wa Mataifa. Tanzania iliridhia mkataba wa CEDAW, ule wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, mwaka 1985. Mwaka 2006 ikaridhia na itifaki yake ya hiari, na itifaki hiyo ndiyo inayomruhusu mwanamke mmoja mmoja kuishtaki nchi yake mbele ya Kamati inayosimamia mkataba huo. Kwa msaada wa WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake cha Dar es Salaam, na kliniki ya sheria ya Chuo Kikuu cha Georgetown, malalamiko yakapelekwa na kupewa Na. 48/2013. Tarehe 2 Machi 2015 Kamati ikatoa uamuzi: Tanzania imevunja mkataba, iwalipe fidia wajane hawa, na sheria hizo za mila zifutwe au zirekebishwe.

Nitaendelea na namna mambo yanavyokwenda, ila anayetaka kuuliza aulize sasa hivi, nitajibu kadiri ninavyojua.

Mzee wa Kijiwe

Mkuu Ngosha, umeeleza vizuri. Swali langu ni fupi. Hao akina mama walipata nini? Maana tangu 1963 mpaka 2015 ni miaka 52, na huku kwetu bado nawaona wajane wanarudi kwao na kigunia cha nguo.

NgoshaWaMirathi

Mzee wangu, shikamoo. Nakujibu kama lilivyo.

Kinachotolewa na kamati hizi kinaitwa Maoni. Hakuna dalali wa mahakama atakayekuja kukazia hukumu, hakuna akaunti ya serikali itakayozuiwa. Nchi inapewa miezi sita kueleza imefanya nini, kisha Kamati inafuatilia kwa barua na kwa vikao. Mwaka mmoja tu baadaye, 2016, Tanzania ilipokaa mbele ya Kamati ileile kueleza taarifa yake ya kawaida, suala la sheria za mila na urithi lilikuwa bado liko mezani. Miaka ikaendelea kwenda na Tangazo la 1963 likiwa palepale. Linaniuma, maana nakutana nalo likisomwa mahakamani kwa sauti.

Ila angalia na upande wa pili. Sandra Lovelace, mwanamke wa kabila la Maliseet kule New Brunswick, Kanada, alipoteza hadhi yake ya kisheria kama mwenyeji wa asili kwa sababu aliolewa na mtu wa nje. Mwanaume aliyeoa nje hakupoteza chochote. Alilalamika kwa Kamati ya Haki za Binadamu, ile inayosimamia mkataba wa haki za kiraia na kisiasa, mwaka 1977, Maoni yakatoka 1981, na mwaka 1985 Bunge la Kanada likabadilisha sheria. Baadaye huyo mama akawa seneta. Kamati haikutuma polisi. Watu wa Kanada waliichukua ile karatasi wakaibeba bungeni na magazetini mpaka serikali ikasogea. Sisi yetu tuliiweka kwenye makabati ya mashirika, na wajane ninaowahudumia hawajawahi hata kuisikia.

binti_kahama

Kaka Ngosha, samahani naingilia. Nina dada yangu, shemeji kafariki mwaka jana. Mahakama ya mwanzo imemteua mdogo wa marehemu kuwa msimamizi wa mirathi, na ameshamwambia dada atoke kwenye nyumba waliyojenga wote. Sisi tunaweza kwenda huko Geneva moja kwa moja? Mahakama za hapa zinachosha.

NgoshaWaMirathi

Pole sana dada, na mpe pole dada yako. Hamuwezi kwenda moja kwa moja, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Malalamiko haya yote ni ya maandishi. Hakuna kizimba, hakuna shahidi wa kusimama, wajumbe hutawaona. Unaandika wewe ni nani, unalalamikia nchi gani, kilitokea nini na lini, kifungu kipi cha mkataba kimevunjwa, na nyumbani ulidai haki yako wapi. Unaambatisha nakala. Hakuna ada, na wakili si sharti, ingawa asiye na mtu wa kumshika mkono hukwama vibaya. Huwezi kuandika bila jina, lakini unaweza kuomba jina lako lisichapishwe, ndiyo maana ya zile herufi E.S. na S.C. Na Kiswahili hakipokelewi pale. Ni Kiingereza, Kifaransa, Kihispania au Kirusi. Kwa hiyo hata mwenendo wa kesi ulioandikwa kwa mkono na hakimu wa mahakama ya mwanzo, kwa Kiswahili chetu, lazima utafsiriwe. Hiyo ni gharama ambayo watu hawaifikirii.

Sekretarieti inachuja kwanza. Likisajiliwa, serikali inaletewa na kupewa miezi sita kujibu. Jibu linarudi kwako ulijibu. Kisha ni foleni, na foleni ni ya miaka. Mwishowe wajumbe, kwa CEDAW ni 23, wanalijadili faragha kwa makaratasi yaliyopo.

Sasa swali la kwanza ambalo serikali yoyote huuliza ni hili: je, amemaliza ngazi za ndani? Ndiyo ngao yao, na mashauri mengi yanafia hapo. Ukiacha kukata rufaa kwa kuchoka, basi. Ukikata rufaa lakini hukuwahi kusema popote kwamba umebaguliwa kwa sababu ni mwanamke, ukazungumzia mabati na shamba tu, Kamati itakuambia nchi yako haikupewa nafasi ya kulitazama suala la ubaguzi. E.S. na S.C. walifika mbali kwa sababu hoja ya ubaguzi ilikuwa kwenye maombi yao tangu siku ya kwanza Mahakama Kuu. Serikali haikuweza kusema inaisikia kwa mara ya kwanza Geneva.

Sharti hilo lina mlango wa pembeni: ngazi ya ndani iliyocheleweshwa kupita kiasi, au isiyoweza kukupa nafuu ya kweli, haikufungi. Kamati ya watu wenye ulemavu ilikuja kusema hivyo dhidi ya Tanzania kwenye shauri Na. 22/2014. Mtu mwenye ualbino alivamiwa mwaka 2010 akakatwa mkono. Serikali ikasema hajamaliza njia za ndani. Kamati ikaangalia miaka iliyopita bila mhalifu kuadhibiwa, na mwaka 2017 ikasema Tanzania imevunja mkataba, pamoja na kifungu kinachokataza ukatili na mateso. Lakini dada, mlango huo anaufungua aliye na ushahidi wa kuchelewa: tarehe alizoripoti, namba ya jalada la polisi, barua za kukumbushia. Neno "zinachosha" peke yake haliufungui.

Kwanza niambie uamuzi wa mahakama ya mwanzo ulitoka lini.

WakiliChipukizi

Nimpongeze mleta uzi. Niongeze ya kwetu Afrika, maana watu wanaruka moja kwa moja Ulaya wakati Arusha iko jirani.

Kwanza muelewe kwamba kila mkataba una mlango wake, na nchi huchagua mlango wa kufungua. Tanzania imefungua CEDAW na ule wa watu wenye ulemavu. Haikuridhia itifaki ya hiari ya mkataba wa haki za kiraia na kisiasa, na mkataba dhidi ya mateso haijauridhia kabisa. Kwa hiyo kijana aliyepigwa mahabusu Tanzania hana pa kugonga kwenye kamati hizo mbili. Mganda au Mkongo anayo Kamati ya Haki za Binadamu, nchi zao ziliridhia itifaki ile zamani.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo Arusha, na kwa miaka karibu kumi Mtanzania wa kawaida aliweza kuingia. Tanzania ilitoa tamko la kuruhusu mwaka 2010. Hukumu ya kwanza ya msingi ya mahakama hiyo, Juni 2013, ilikuwa ya Mchungaji Mtikila kuhusu mgombea binafsi, na alishinda. Wafungwa wengi waliandika wenyewe kutoka magerezani. Novemba 2019 serikali ikaondoa tamko lake, na tangu 22 Novemba 2020 mlango umefungwa kwa mashauri mapya. Nchi mwenyeji wa mahakama imewazuia watu wake kuingia humo. Nalisema kwa uchungu.

Imebaki Tume ya Afrika, Banjul, Gambia. Ile haihitaji tamko, inatosha nchi kuwa imeridhia Mkataba wa Afrika, na Tanzania iliridhia 1984. Masharti yapo saba, kifungu cha 56. Moja nalisisitiza kwa ajili ya wachangiaji wa humu: lugha ya matusi au dharau inaua shauri. Liliwahi kutupwa shauri dhidi ya Kamerun kwa sababu waleta maombi waliandika mambo kama "utawala wa watesaji". Huenda walikuwa wanasema kweli, lakini Tume ilisema lugha hiyo ni matusi. Na usijaze vipande vya magazeti pekee, hilo nalo limekatazwa.

EACJ, ile Mahakama ya Afrika Mashariki, haidai umalize ngazi za ndani. Lakini inakupa miezi miwili tu tangu jambo litokee au ulijue, na haiongezi. Watu wanakuja kwangu miezi sita imeshapita.

Msomaji254

Ndugu zetu wa Bongo, asanteni kwa uzi. Huku Kenya hatukuwahi kutoa tamko lile, lakini Waogiek wa msitu wa Mau walifika Arusha kwa kupitia Banjul. Walilalamika kwa Tume mwaka 2009 baada ya notisi ya kuwafukuza, Tume yenyewe ikapeleka kesi mahakamani 2012, wakashinda tarehe 26 Mei 2017. Fidia ikaamuliwa 23 Juni 2022: shilingi za Kenya milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa machungu, na wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao.

Halafu Novemba 2023 nyumba za Waogiek zikabomolewa tena Sasimwani, Narok. Nimewaona wazee kwenye runinga wakiwa na nakala ya hukumu mkononi. Kwa hiyo namuelewa Mzee wa Kijiwe. Lakini pia nasema bila hukumu ile wangeitwa wavamizi wa msitu tu, na sasa hakuna wakili wa serikali anayeweza kusimama kortini aseme ardhi ile haikuwahi kuwa yao.

Bukavu_Ugenini

Salamu kwenu wote. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko Sweden. Huku watu wetu wanajua kamati moja tu, ile ya kupinga mateso, sababu inazuia ndege. Ukikataliwa ukimbizi mpaka mwisho na polisi wamepanga siku ya kukurudisha, unaweza kuomba Kamati iiandikie serikali isikuondoe wakati inasoma faili lako. Wakikubali, barua hiyo inaenda haraka sana, si kama hiyo miaka mnayosema.

Kuna mama wa Kongo na binti yake waliokataliwa hapa. Mwaka 2010 Kamati ilisema Sweden ikiwarudisha itavunja mkataba, sababu ubakaji ulikuwa umeenea na haikuweza kutaja sehemu ya nchi ambayo ingekuwa salama kwao. Uamuzi ule wanasheria wa huku bado wanautumia. Ila angalieni: ukishapeleka faili Mahakama ya Ulaya kule Strasbourg, Kamati hailichukui tena. Kuna jamaa yangu alishauriwa na mtu wa mtaani apeleke kote kwa pamoja ili apate nguvu. Alikosa kote.

NgoshaWaMirathi

Ndugu wa Bukavu, hilo la mwisho ni la kuandikwa kwa wino mwekundu. Na kamati zinazotuhusu sisi nazo ni hivyo hivyo, shauri moja mlango mmoja.

Mzee wa Kijiwe

Marahaba Ngosha. Nimekuelewa kuhusu Kanada. Lakini kuna watu watasema haya ni mambo ya wazungu kuingilia mila zetu. Mimi ni Msukuma na nimekaa kwenye vikao vya ukoo. Zamani mjane alikuwa hatupwi. Alikuwa ana mtu wa kumtunza, na asiyemtunza alikuwa anaaibishwa mbele ya watu. Sasa wamebaki na kuchukua mali, la kutunza wameliacha.

NgoshaWaMirathi

Mzee wangu, umesema jambo ambalo natamani lingesomwa mahakamani pamoja na lile Tangazo. Mwaka 1963 waliandika haki ya ukoo kwenye mali, na wajibu wa ukoo kwa mjane wakauacha nje ya karatasi. Mahakimu wanasoma kilichoandikwa.

Na kuhusu wazungu: aliyetia sahihi ni serikali yetu, na kabla ya Geneva kulikuwa na jaji wetu. Mwaka 1990 hapa Mwanza, Jaji Mwalusanya alisema mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi kama mwanaume anavyoweza, kwa sababu Katiba inakataza ubaguzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, nayo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Silaha zipo hapa nyumbani. Wajane wanazikosa kwa sababu hakuna anayezitaja siku ya kikao.

binti_kahama

Kaka, uamuzi ulitoka mwanzoni mwa mwezi huu. Dada alikuwepo lakini hakusema kitu, aliogopa, wakwe walikuwa wengi. Nakala ya uamuzi bado hatujapewa, karani anasema turudi wiki ijayo.

NgoshaWaMirathi

Dada, basi bado mna muda, lakini ni mdogo. Rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe. Msisubiri nakala ndipo mkate rufaa, siku hazisimami kwa ajili ya karani. Wekeni rufaa kwanza, na leo hii andikeni barua ya kuomba nakala, ipigwe muhuri wa kupokelewa wa masjala kwenye nakala yenu. Barua hiyo moja, miaka mitano ijayo, ndiyo itakayoonyesha nani alichelewesha.

Kwenye sababu za rufaa iandikwe wazi, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba dada anaondolewa kwenye nyumba kwa kuwa ni mwanamke na mjane, na kwamba hilo linapingana na ibara ya 13 ya Katiba. Kama nyumba iko kwenye ardhi ya kijiji, ongezeni kile kifungu cha 20. Tafuteni stakabadhi za saruji na mabati, na majirani wawili watatu waliomuona akimwaga zege na mumewe. Kama marehemu hakuwa anaishi kimila, mfano alikuwa mtumishi wa mjini na ndoa ya kanisani, semeni, maana inaweza kubadilisha hata sheria itakayotumika kugawa.

Asitoke kwenye nyumba kwa maneno ya shemeji. Kama ametishiwa, aripoti polisi na achukue namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake.

Na nakala ikitoka, kabla hamjaondoka dirishani, someni tarehe, majina na namba ya shauri. Ikiwa na kosa irudisheni palepale irekebishwe. Nitumie ujumbe wa faragha mniambie mko wilaya gani, nitawaunganisha na msaidizi wa kisheria aliye karibu. Hatoi bili.